Tunisia, pwani iliyolipa kisogo bara lake

Mashabiki wengi wa soka nchini Tanzania walianza kulizoea jina la Monastir Februari 2023, Yanga walipokwenda Tunisia kucheza na timu ya mji huo katika Kombe la Shirikisho Afrika na kufungwa mabao 2-0. Mwezi uliofuata Yanga wakalipiza 2-0 kwa Mkapa, na watu wakageukia mechi nyingine. Lakini katikati ya mechi hizo mbili, tarehe 21 Februari, lilitokea jambo ambalo kwetu halikupata hata robo ya mjadala wa mabao yale. Rais Kais Saied aliliambia Baraza la Usalama la Taifa kwamba Waafrika weusi wanaoingia nchini mwake bila kibali ni sehemu ya njama ya kubadili sura ya wakazi wa Tunisia, ili igeuzwe kuwa nchi ya Kiafrika tupu, isiyo na nasaba na Waarabu wala Uislamu. Siku zilizofuata wapangaji walitolewa vyumbani usiku, vibarua wakafukuzwa kazini, wanafunzi wakaogopa kutoka nje. Guinea, Mali na Côte d'Ivoire zikatuma ndege kuwarudisha watu wao.

Maneno hayo yaliniuma zaidi kwa sababu yalitamkwa katika nchi ambayo ndiyo iliyolipa bara letu jina. Warumi walipoiteketeza Carthage, mji wa kale ulio karibu na Tunis ya leo, mwaka 146 kabla ya Kristo, jimbo waliloliunda pale waliliita Africa. Waarabu walipofika karne ya 7 wakaliita Ifriqiya. Jina hilo la kipande kile cha ardhi likatambaa kusini karne baada ya karne hadi likatufunika sote. Imekuwaje basi nchi hiyo ifike mahali pa kuuona Uafrika kama tishio?

Wapo wanaojibu kwa neno moja, ubaguzi, na hawajakosea. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Ukiisoma ramani ya Tunisia pamoja na historia yake utakuta jeraha la zamani zaidi, nalo ni la Watunisia wenyewe kwa wenyewe: pwani iliyoshiba na bara lililosahauliwa, yaani mikoa ya ndani. Kila mtawala amelikuta jeraha hilo, na kila mmoja ameahirisha kulitibu. Huyu wa sasa aliingia madarakani akiahidi kulitibu, na aliposhindwa akamnyooshea kidole mgeni.

Tuanze na ramani. Tunisia ina kilomita za mraba 163,610, yaani kama theluthi mbili ya Uganda, na sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu wanaokaribia milioni 12. Imebanwa kati ya Algeria upande wa magharibi na Libya kusini mashariki. Kaskazini, rasi yake ya Ras Angela ndiyo ncha ya mwisho ya bara la Afrika, na kutoka Rasi ya Bon hadi kisiwa cha Sicily, Italia, ni takriban kilomita 150 tu. Kaskazini magharibi, kwenye milima ya Ain Draham, kuna misitu na mvua nyingi. Mto Medjerda unaingia kutoka Algeria na kunywesha mashamba ya ngano. Halafu milima inakata nchi kwa mshazari, mlima Chambi wa mita 1,544 ukiwa mrefu kuliko yote, na ukishavuka upande wa pili mvua inaanza kukukimbia. Mbele kuna nyika, kisha Chott el Djerid, ziwa la chumvi linalokauka na kumeta kama bati juani, kisha mitende ya Tozeur na Kebili, kisha mchanga wa Sahara.

Pwani ya mashariki ndiko maisha yalikojazana. Sousse, Monastir na Mahdia zimefuatana ufukweni, na ukishuka kusini unafika Sfax, mji wa wafanyabiashara uliozungukwa na mizeituni iliyopandwa kwa mistari hadi jicho linachoka. Watunisia wanaliita eneo la Sousse, Monastir na Mahdia kwa jina la Sahel. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo: ni neno lile lile la Kiarabu, sahil, ambalo wingi wake, sawahil, ndio uliotupa sisi jina Waswahili. Sahel ya Tunisia ni watu wa pwani. Na kama ilivyo kwa watu wa pwani popote, wana neno kwa wale wa ndani.

Kwa sura na nasaba watu hawa ni mchanganyiko mkubwa, ingawa siasa imejitahidi kuwaonyesha kama kitu kimoja. Wenyeji wa kale ni Waamazigh, ambao lugha yao leo imebaki kwa watu wachache, hasa kusini na kisiwani Djerba. Wakaja Wafoinike kutoka Lebanoni ya leo, Warumi, Waarabu walioujenga mji wa Kairouan mwaka 670, Waislamu na Wayahudi waliofukuzwa Hispania, Waturuki, Wafaransa, Waitaliano. Wapo pia Watunisia weusi, wengi wao wakiwa wazawa wa watu walioswagwa utumwani kuvuka Sahara. Hawa hawakuja jana kwa boti. Wako pale kwa vizazi, na bado mtaani huitwa kwa majina ambayo sitaki kuyaandika hapa.

Djerba inastahili tusimame kidogo. Katika kisiwa hicho kimoja Wayahudi wapatao elfu moja na kitu bado wanasali katika sinagogi la Ghriba, na jirani zao ni Waislamu wa Kiibadhi wenye misikiti midogo myeupe, mingine ikiwa imechimbwa chini ya ardhi. Ibadhi hao ni wa madhehebu yale yale ya Oman na ya masultani wa Busaidi waliotawala Unguja. Mzee wa Kiibadhi wa Djerba na mzee wa Kiibadhi wa Malindi pale Mji Mkongwe wanaswali kwa namna moja, mikono ikiwa imeshuka ubavuni, ingawa kati yao kuna jangwa zima. Mtu anayedai kwamba Tunisia na Afrika ya kusini mwa Sahara hazijuani ana mengi ya kujifunza.

Nchi hii ina mambo ya kujivunia, na nayasema kwa heshima. Mwaka 1846 mtawala wake, Ahmed Bey, alipiga marufuku utumwa, miaka miwili kabla ya Ufaransa kuufuta katika makoloni yake. Mwaka 1861 ilitoa katiba iliyoandikwa, ya kwanza katika nchi za Kiarabu. Ilipopata uhuru kutoka Ufaransa tarehe 20 Machi 1956, haikupita hata miezi mitano Habib Bourguiba, aliyekuja kuwa rais wake wa kwanza, akatangaza sheria mpya ya familia: ndoa ya wake wengi marufuku, talaka lazima ipite mahakamani, binti asiozwe bila ridhaa yake. Shule zikajengwa, wasichana wakasoma. Mwaka 2018 bunge lake likapitisha sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi. Ndiyo maana yale ya 2023 yanaumiza: yalitendeka mahali palipokuwa pametangulia wengi.

Ila kila sifa hapo juu ilikuwa na upande wake wa bara. Katiba ya 1861 iliposifiwa Ulaya, hazina ilikuwa imekauka kwa madeni, na mwaka 1864 kodi ya kichwa, mejba, ikaongezwa mara mbili. Makabila ya bara yakainuka chini ya Ali ben Ghedhahem, mtu wa upande wa Kasserine. Uasi ulisambaa hadi Sahel, ukazimwa kwa ukatili, na katiba yenyewe ikawekwa kando. Madeni yakaendelea kupanda hadi Wafaransa walipoingia mwaka 1881 na kujichukulia nchi. Wafaransa nao wakagundua fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, Gafsa, huko ndani kabisa, wakajenga reli ya kuibeba kuipeleka bandari ya Sfax. Mali ilishuka pwani. Vumbi lilibaki kwa wachimbaji.

Uhuru haukugeuza mwelekeo wa reli hiyo. Bourguiba alikuwa mzaliwa wa Monastir. Zine El Abidine Ben Ali, aliyempindua Novemba 1987, alikuwa mzaliwa wa Hammam Sousse, kilomita chache tu kutoka hapo. Kwa zaidi ya nusu karne, marais wote wawili walitoka ufukwe mmoja wa Sahel. Sisemi kwamba walikaa chini wakapanga kuwanyima watu wa bara. Walichofanya ni kuijenga nchi waliyoijua. Sheria ya mwaka 1972 ilipowapa viwanda vya kuuza nje msamaha wa kodi, viwanda vya nguo, na baadaye vya nyaya za magari ya Ulaya, vilijipanga karibu na bandari. Hoteli za watalii zikajengwa Hammamet, Sousse na Djerba, kwenye mchanga. Hospitali kubwa na vyuo vikafuata fedha zilikokuwa. Hata leo, katika mikoa ya Kasserine na Kairouan karibu mtu mmoja kati ya watatu anaishi chini ya mstari wa umaskini, ilhali mkoani Tunis ni chini ya mmoja kati ya ishirini. Nchi ni ndogo. Ukitoka Tunis asubuhi kwa gari, mchana unakula Kasserine. Masafa si kisingizio.

Mwisho wa Desemba 1983 serikali ilipandisha ghafla bei ya mkate mara mbili. Ghasia zilianzia kusini, kandokando ya jangwa, zikapanda hadi mji mkuu, askari wakaua watu wengi, na tarehe 6 Januari 1984 Bourguiba akatokea kwenye televisheni kuirudisha bei ya zamani. Ili kuelewa kwa nini mkate uliweza kuitikisa dola, tazama bakuli la lablabi, chakula cha asubuhi cha mtu wa kipato cha chini: unapewa bakuli na mkate wa jana, unaumega mwenyewe vipande kwa mkono, mpishi anaumwagia supu ya dengu yenye moto, anatia bizari nyembamba, kijiko cha harissa (pilipili iliyosagwa), mafuta ya zeituni, na yai kama mfuko unaruhusu. Bila mkate hakuna kitu bakulini. Bageti moja yenye ruzuku imeuzwa milimu 190 kwa miaka mingi, kama senti sita za dola, na hakuna waziri asiyeogopa kuigusa bei hiyo.

Januari 2008 ikawa zamu ya Redeyef, mji wa migodi mkoani Gafsa. Kampuni ya fosfeti ilibandika majina ya walioajiriwa, vijana wakaona nafasi zimegawiwa kwa kujuana, wakagoma kwa miezi. Ulimwengu haukutazama. Miaka karibu mitatu baadaye, tarehe 17 Desemba 2010, ulilazimika kutazama. Mohamed Bouazizi, umri miaka 26, machinga wa matunda katika mji wa Sidi Bouzid, alinyang'anywa mizani na bidhaa na maofisa wa mji, akaenda kulalamika, akafungiwa mlango, akajichoma moto mbele ya jengo la serikali. Alifariki tarehe 4 Januari 2011. Siku kumi baadaye Ben Ali alipanda ndege kwenda Saudi Arabia.

Waandishi wa Ulaya waliyaita Mapinduzi ya Yasmini, jina la ua linaloota kwenye bustani za pwani. Walioandamana Sidi Bouzid na Kasserine walikuwa na jina lao: mapinduzi ya karama, yaani ya heshima ya mtu. Kaulimbiu yao ilikuwa "Shughl, hurriyya, karama wataniyya". Isome polepole. Shughuli, uhuru, karama. Mzungumzaji wa Kiswahili anaielewa bila mkalimani: kazi, uhuru na heshima ya taifa, na kazi ikatangulia.

Miaka kumi iliyofuata iliwapa la pili na kuwanyima la kwanza. Uhuru ulikuja kweli. Uchaguzi huru wa Oktoba 2011, katiba ya Januari 2014 iliyopatanishwa kati ya chama cha Kiislamu cha Ennahda na wasioamini siasa za dini, wanasiasa wawili wa mrengo wa kushoto kuuawa mwaka 2013 na nchi ikakataa kuingia vitani. Shirikisho la wafanyakazi, UGTT, lilisimama na wenye viwanda, mawakili na watetezi wa haki za binadamu wakawakalisha wanasiasa mezani, na wote wanne wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2015. Nchi nyingi zingetamani historia hiyo. Wakati huohuo fosfeti, iliyozidi tani milioni 8 mwaka 2010, iliporomoka chini ya nusu kwa migomo na uendeshaji mbovu. Shambulio la Juni 2015 katika ufukwe wa Sousse liliua watalii 38 na kuziacha hoteli tupu. Serikali zilibadilishwa mfululizo, wabunge wakarushiana matusi mbele ya kamera, na kijana wa Kasserine mwenye shahada akaendelea kukaa kijiweni. Naamini kosa kubwa la wanademokrasia wa Tunisia lilikuwa hapo. Waligawana vyeo vya Tunis kwa ustadi, na Sidi Bouzid wakaiachia sanamu ya mkokoteni wa Bouazizi.

Kais Saied aliona pengo hilo. Alikuwa mhadhiri wa sheria ya katiba, mtu asiye na chama wala fedha, anayezungumza Kiarabu fasaha hata kwenye mahojiano ya kawaida. Mwaka 2019 alipita kwa zaidi ya asilimia 72 katika duru ya pili, vijana wakiwa mbele, na kaulimbiu yake aliichukua moja kwa moja kutoka mitaani: "Ash-sha'b yurid", wananchi wanataka. Tarehe 25 Julai 2021 alilisimamisha bunge, na usiku ule watu walitoka barabarani kushangilia. Ni lazima tulikumbuke hilo kabla ya kuwahukumu.

Ahadi yake kwa bara ilikuwa na umbo. Alitaka madaraka yajengwe kutoka chini, kutoka mabaraza ya vijijini hadi chumba cha pili cha bunge kinachowakilisha mikoa na wilaya. Alitaka wafanyabiashara waliofisidi enzi za Ben Ali warudishe fedha kwa kuanzisha miradi katika maeneo maskini zaidi, na wanakijiji waunde kampuni za pamoja. Kwa maneno, hakuna rais wa Tunisia aliyewahi kulitaja bara kwa uzito huo. Lakini katiba aliyoiandika mwaka 2022 ilikusanya nguvu zote mkononi mwake, na bara lenyewe halikujitokeza. Kura ya maoni ilivutia kama asilimia 30 ya wapiga kura. Uchaguzi wa bunge wa Desemba 2022 ulivutia asilimia 11 hivi, na wa mabaraza ya mitaa mwaka mmoja baadaye haukuwa na tofauti ya maana. Oktoba 2024 Saied alishinda muhula wa pili kwa asilimia 90, huku mpinzani wake Ayachi Zammel akiwa gerezani na zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura wakiwa nyumbani. Rached Ghannouchi, kiongozi wa Ennahda, yuko ndani tangu Aprili 2023. Waandishi na mawakili wamefungwa kwa amri ya rais namba 54, inayodai kupambana na habari za uongo. Watu wanaotaka hawaulizwi tena wanataka nini.

Kiuchumi alijifungia njia zote mbili. Mwaka 2022 maofisa wake walikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mkopo wa dola bilioni 1.9, naye akaukataa mwaka uliofuata kwa sababu masharti yake yaligusa ruzuku. Kwa hilo namwelewa. Aliyeyaona ya 1984 hachezei mkate. Lakini hakuweka mpango mwingine. Mwaka 2024 serikali ilikopa dinari bilioni 7 kutoka benki kuu yake yenyewe, na nchi inaishi kwa watalii, kwa mafuta ya zeituni, na kwa fedha zinazotumwa na watoto wake walioko Ufaransa, Italia na Ujerumani. Madaktari na wahandisi wanaondoka kwa ndege. Wasio na vyeti wanaondoka kwa boti za chuma zinazochomelewa kwa haraka pembezoni mwa Sfax.

Na ni Sfax hiyohiyo wageni weusi walikokimbilia kutafuta boti. Wengine walikuwa pale kihalali kwa miaka. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikuwa na makao yake Tunis kuanzia 2003 hadi 2014, na vyuo binafsi vilijaza madarasa kwa wanafunzi wa Kongo na Côte d'Ivoire waliolipa ada kamili. Julai 2023, baada ya vurugu Sfax, vyombo vya usalama viliwabeba mamia ya watu weusi, wakiwemo akina mama na watoto, hadi mpakani na Libya na kuwaacha jangwani bila maji. Mwezi huohuo, tarehe 16, viongozi wa Umoja wa Ulaya walikuwa Tunis kusaini makubaliano yenye euro milioni 105 za kudhibiti wahamiaji. Ulaya ilipata mlinzi wa mlango, na Saied akapata fedha na adui wa kumtaja kwenye hotuba. Kijana wa Kasserine hakupata kitu, ila aliambiwa kwamba aliyemkosesha kazi ni fundi ujenzi kutoka Guinea.

Uongo huo haukuweza kufika kila mahali. Gabès ni mji wa pwani ya kusini, wenye mitende inayogusa bahari, ambako tangu 1972 kiwanda cha serikali husindika fosfeti ya Gafsa na kumwaga taka zake baharini. Mwaka 2017 serikali iliahidi kuzivunja sehemu zake zinazochafua. Hazikuvunjwa. Oktoba 2025 watoto wa shule walianza kuanguka kwa kuvuta gesi, mmoja baada ya mwingine, wakabebwa hospitali wakikohoa. Hapo hapakuwa na mhamiaji wa kulaumiwa. Maelfu walifurika barabarani, na tarehe 21 mji mzima ukafunga maduka kwa mgomo ulioitishwa na UGTT. Walichokuwa wakiimba, wazee na wanafunzi pamoja, kilianza na maneno mawili yaliyompeleka Saied ikulu: "Ash-sha'b yurid", wananchi wanataka kiwanda kivunjwe.